Tulivyompandisha Kristian

Mti wa mkaratusi ulikuwa mbichi bado, na utomvu wake ulinilowesha shingo. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwanza, kabla ya uso wa mtu yeyote: harufu kali ya mti uliokatwa muda si mrefu, na uzito ulionishukia begani kila mguu wa aliyekuwa mbele yangu ulipoteleza. Nilikuwa nimembeba mwanamume ambaye sikumjua akiwa hai. Upande wa pili wa jeneza, mkono mmoja ukiushika mti na mwingine ukikusanya kitenge kisimkwaze, alikuwa mkewe.

Njia ilikuwa nyembamba, jeneza ndilo lililopita katikati, sisi tukakanyaga kingoni, kwenye majani marefu yaliyoficha mawe. Nilikuwa naisikia pumzi yake. Nilikuwa naisikia na yangu.

Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimetoka nyumbani kwenda kutembea tu.

Pale Lushoto tuna kikundi kidogo cha watu wanaopenda kutembea. Kila Jumamosi tunapanda basi la milimani, tunashuka kwenye kituo chochote kidogo, pengine ni kibanda cha chai na benchi moja, kisha tunakata mashamba na misitu kwa miguu mpaka tutokee kituo kingine, tusubiri basi la kurudi. Aliyekianzisha ni Alen, mwalimu wa jiografia, mtu mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Sheria yake ni moja: hakuna gari dogo, hakuna bodaboda, hakuna kuomba lifti. “Basi likushushe, miguu ikufikishe,” husema, na ole wake atakayelalamikia visigino.

Mimi nilivutwa na Nasra. Ana duka la vitenge jirani na cherehani yangu pale sokoni. Mume wangu, Eliaichi, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na tangu mazishi sikuwa na jambo jingine ila kushona sare za shule, sketi baada ya sketi, mpaka macho yakawasha. Watu waliniambia pole, mwisho wakachoka kuniambia. Ndipo siku moja Nasra akaja na jozi ya raba, akaiweka juu ya kitambaa nilichokuwa nakikata.

“Janeth,” akasema, “yeye alizikwa. Wewe hukuzikwa. Vaa viatu.”

Nikavaa.

Jumamosi ile tulipanga kwenda Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni kabisa mwa milima, mahali ambapo ardhi inakatika ghafla na chini yake imelala tambarare ya Mnazi. Ilikuwa masika. Kabichi zilikuwa zimenona kwenye matuta, mifereji imejaa maji mekundu, na ukungu ulikuwa unatoka mabondeni kama moshi wa jiko lililowashwa na kuni mbichi. Tulipofika kituo cha Mwerezini, konda akagonga bodi.

“Tunaishia hapa. Mlima umeshuka alfajiri. Huko mbele hakuna barabara.”

Abiria waliguna, wengi wakarudi na basi lilelile. Sisi tukakaza kamba za viatu. Kwetu barabara kukatika halikuwa jambo la kulia. Alen aliijua njia ya msituni inayozunguka yale maporomoko na kutokea Mtae kwa juu. Tulikuwa tumeanza kugawana viazi vya kuchemsha Nasra aliponigusa mkono.

Nyuma ya kibanda cha chai ilisimama pikapu iliyochafuka tope mpaka kwenye vioo. Ndani yake kulikuwa na jeneza lililofunikwa turubai la bluu, na juu ya turubai mtu alikuwa ameweka jiwe lisipeperuke.

Mzee mmoja aliyevaa koti la sufu alisimama kando, mikono nyuma, akiutazama mlima kama mtu anayetazama mlango uliofungwa. Palikuwa na wanaume watatu waliovaa mabuti ya shambani. Na palikuwa na mwanamke, kijana bado, ameketi chini ameegemea gurudumu, kitenge kimefunika kichwa mpaka kwenye nyusi.

“Shikamoo, mzee,” Alen alisema.

“Marahaba.”

Yule mzee aliitwa Sefania. Alikuwa baba mkubwa wa marehemu. Marehemu mwenyewe aliitwa Kristian, alifanya kazi kwenye chai upande wa Bumbuli, akaugua, akazidiwa, akafa, na sasa walikuwa wanamrudisha kwa mama yake Mtae. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Mchungaji alikuwa anasubiri. Simu katika bonde lile hazishiki, na dereva hakuwa na pa kupita.

“Kaburi likilala wazi na mvua hii,” Mzee Sefania alisema, “kesho tutakuta dimbwi. Na mama yake atakuwa ameshinda barazani mchana kutwa.”

Alen aligeuka akatutazama. Hakutuuliza. Alivua begi lake la mgongoni, akaliweka chini.

“Mzee, sisi tunakwenda hukohuko.”

“Mnakwenda kufanya nini?”

Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Alen aliteremsha sauti. “Kutembea tu, mzee.”

Mzee Sefania aliangalia raba zetu, akaangalia fimbo zetu, akatuangalia usoni mmoja mmoja.

“Basi leo,” akasema, “mtatembea na mwenyeji.”

Mwenye kibanda alitupatia panga. Wanaume wakakata mikaratusi miwili iliyonyooka, wakaifunga kwa kamba ubavuni mwa jeneza, huku na huku. Mmoja wa wale watatu wenye mabuti, wafanyakazi wenzake marehemu kwenye chai, mwenye miguu myepesi, alitangulia mbio kuwaarifu watu wa Mtae waje kutupokea njiani. Walioingia chini ya miti walikuwa Mzee Sefania mwenyewe, maana alikataa katakata kubaki nyuma, wafanyakazi wawili waliosalia, Alen, na wanaume wawili wa kikundi chetu. Kiongozi wa hatua alikuwa mmoja wa wale wafanyakazi, Ulimboka, mtu wa Tukuyu mwenye mabega mapana, ambaye aliishi chumba cha jirani na marehemu.

Sisi wanawake tulipewa mabegi.

Nilitembea nyuma pamoja na mjane. Aliitwa Raheli. Mwanzoni alijibu kwa neno mojamoja, baadaye akazungumza bila kuulizwa, macho yake yasiondoke kwenye jeneza. Kwao ni Iringa. Alikuja Usambara kuchuma chai, wakakutana na Kristian hukohuko shambani, wakafunga ndoa kwenye kanisa dogo la kambi. Mtae alikuwa amefika mara moja tu. Kishambaa hakijui. Mtoto Mungu hakuwajalia.

“Mama yake hanijui,” alisema. “Siku ile nilipikiwa kama mgeni, nikala kama mgeni, nikaondoka. Leo namletea mwanawe kwenye sanduku.” Akakivuta kitenge kichwani. “Dada, nitafika pale kama nani?”

Nasra, upande wa pili, alikuwa amebeba mabegi mawili kifuani na moja mgongoni, midomo yake ikicheza kwa dua zake za chinichini.

Msitu ulitumeza. Maji yalidondoka kutoka kwenye miti ingawa mvua ilikuwa haijaanza, na tope lilikuwa la namna ile ya kwetu, jekundu, linalokubali mguu uingie lakini halitaki utoke. Mbele Ulimboka alikuwa anaita: kushoto, taratibu, mzizi huo, nyanyua. Mara mojamoja alizungumza na aliye ndani. “Kristian, ndugu yangu, jipunguze kidogo. Wewe si ulikuwa unanicheka mimi mzito?” Wenzake waligumia, na hatua chache zilizofuata zikawa nyepesi.

Mteremko wa kijito ndio uliotushinda. Kushuka walishuka. Wakati wa kupanda ng'ambo, Mzee Sefania alipiga goti. Hakuanguka, aliinama tu polepole, kama anayetafuta kitu alichoangusha, na jeneza likalala upande. Mwenzetu mmoja, Martin, alijitupa chini yake kulizuia, na kifundo cha mguu wake kikapinduka kwenye jiwe. Tulisikia ukelele wake kabla ya kuona. Walilishusha jeneza kwenye majani, wakasimama wakihema, na kwa muda hakuna aliyethubutu kumtazama Raheli.

Waliobaki wazima walikuwa wanne. Njia iliyobaki ilikuwa ya kupanda.

“Tutasubiri vijana wa Mtae,” Mzee Sefania alisema. Alikuwa ameketi kwenye gogo, goti lake amelikumbatia kwa mikono miwili.

“Mzee, mvua haitawasubiri,” Ulimboka alisema, na kweli radi ilikuwa inanguruma upande wa msitu wa Shagayu.

Ndipo Raheli alipokwenda kusimama mbele ya mzee. Alipiga magoti kwenye tope, kwa adabu yote, kama anayesalimia.

“Baba, nipe nafasi yako.”

“Mkwe wangu, kaa.”

“Naomba, baba.”

“Kwetu mwanamke habebi jeneza. Mjane ndiyo kabisa. Watu watasema wanaume wa ukoo wamekwisha.”

“Hapa tulipo, baba, wamekwisha.” Hakusema kwa jeuri. Alisema kama anayemwonyesha mtu kitu kilichoko mezani. “Mimi ndiye niliyemwogesha alipokuwa hawezi. Nilimlisha kwa kijiko. Nilimnyanyua kitandani, nikamgeuza, nikambeba mgongoni kumpeleka msalani. Hakuna aliyesema si kazi ya mwanamke. Leo ndiyo imekuwa si yangu?”

Mzee aliliangalia goti lake. Alen alijishughulisha na kifundo cha Martin. Msitu mzima ulikuwa kimya, na ukimya ule niliufahamu. Nilishakaa ndani yake.

Siku ya Eliaichi walisema nisiende makaburini. Njia ina mteremko, nitaanguka, sina nguvu. Shangazi wawili walinishika, mmoja bega hili, mwingine bega lile, wakanikalisha kwenye mkeka chumbani. Wanaume walipita naye mlangoni. Nikaona miguu, viatu vingi vyeusi, na ncha ya jeneza. Kisha nyimbo zikashuka bondeni, zikafifia, zikapotea, nikabaki nasikia kuku wakiparura uani. Sikusema neno. Nilidhani kunyamaza ndiyo heshima.

Sasa nikasikia sauti yangu mwenyewe, nyembamba, lakini yangu.

“Samahani, baba. Mimi ni mgeni, sina haki ya kusema. Mume wangu walinipita naye mlangoni. Kaburi lake nalijua, naenda, napalilia. Lakini alivyofika pale, sijui. Mpaka leo sijui.” Nikamwelekezea Raheli mkono. “Mwache huyu ajue.”

Mzee Sefania akainuka kwa kujisukuma na fimbo, akavua lile koti lake la sufu, akalikunja mara mbili, mara tatu, kama kata ya kubebea ndoo, akaliweka juu ya bega la Raheli. Akalisawazisha. Akalipapasa kidogo, kuona kama limekaa.

“Bega la kulia ni jepesi kuchoka,” alisema. “Ukichoka useme.”

Hiyo ndiyo ruhusa aliyoitoa. Nasra alinivua begi kabla sijamwomba, na mimi nikaingia upande wa pili.

Nimesema harufu ya mkaratusi ndiyo ninayoikumbuka kwanza. Baada yake nakumbuka kwamba sikuwahi kujua mtu aliyekufa ana uzito wa namna gani. Nilidhani ni kama gunia. Si kama gunia. Gunia halina haja nawe, unaweza kulitua popote. Jeneza hili lilikuwa linakuegemea. Kila tulipopanda, liliteleza nyuma kidogo, likatulemea sisi wa katikati, na nikaona mishipa ya shingo ya Raheli ikisimama. Mara mbili nilidhani atasema amechoka. Hakusema. Nilikuwa nalia, nadhani, maana mdomoni palikuwa na chumvi, lakini miguu haikuwa inalia. Miguu ilikuwa inapanda.

Nyuma yetu Mzee Sefania alichechemea, Martin akijikongoja begani mwa Nasra. Mzee alikuwa anasema Kishambaa, polepole, si na sisi. Sikuyasikia yote. Nilisikia anamtajia Kristian majina ya mahali tulipopita: kijito hiki, mwamba ule, shamba la fulani. Alikuwa anamwonyesha njia.

Tulipotoka msituni, upepo ulitupiga usoni. Mkono wa kushoto dunia ilikuwa imeisha. Chini kabisa, ng'ambo ya ukungu, tambarare ya Mnazi ilikuwa inawaka jua, kana kwamba huko masika hawajaisikia. Na mbele yetu, kwenye mgongo wa mlima, walikuwa wanakuja wanaume wanakimbia, wengi, wengine peku, na yule mjumbe wetu mbele yao.

Walitufikia, wakatoa salamu za haraka. Kijana mmoja mrefu alipoona nani wako katikati, alishtuka.

“Mama, shusha, shusha! Tupo!” Akaingiza bega lake karibu na la Raheli.

Raheli hakuuachia mti. Hakumtazama hata kumtazama.

“Jamani, mwanamke amebeba jeneza,” mwingine alisema, “na nyie mnaangalia? Watu wa nyumbani wataonaje?”

Ikatoka sauti ya Mzee Sefania kutoka nyuma, akiwa anahema, bila koti, shati limemganda kifuani.

“Mwacheni.”

“Lakini, baba mkubwa...”

“Nimesema mwacheni afike naye. Wengine pokeeni.”

Wakapokea. Ulimboka alitolewa, Alen akatolewa akiwa amepauka kama majivu. Mimi pia mtu alinigusa begani, nikatoka, nikashangaa jinsi mwili wangu ulivyotaka kuelea. Raheli alibaki. Kijana yule mrefu alikuja akashika mahali pangu, upande wa pili wake, akalinganisha mwendo na wake. Hivyo ndivyo Kristian alivyoingia Mtae: vijana watano wa kwao, na mke wake.

Wanawake walikuwa wamejipanga njiani. Kilio kilichokuwa kimepanda kilipoa tulipokaribia. Niliona mikono inakwenda midomoni. Barazani, kwenye kigoda, aliketi bibi mdogo wa mwili, kanga mbili mabegani, miguu imenyooshwa mbele. Alikuwa Bibi Klara, mama wa marehemu. Hakulia. Alitazama jeneza linavyokuja, akamtazama aliyelibeba, toka koti lililokunjwa begani mpaka miguu yenye tope hadi magotini. Mpaka lilipotuliwa mbele yake alikuwa bado anamtazama.

Tulimzika kabla ya giza, mvua nyepesi ikitunyeshea. Raheli alisimama ukingoni mwa kaburi, na zamu ya kutia udongo ilipofika, alitia kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haukuinuka.

Basi la kurudi halikuwepo, wala barabara. Tulilazwa nyumba za majirani, tukapewa makande na chai ya tangawizi, na hakuna aliyetuuliza tumetoka wapi, maana walikuwa wameshaambiwa. Asubuhi, tulipokwenda kuaga, Bibi Klara alituma tuitwe, mimi na Nasra, ndani.

Chumba kilikuwa na mwanga wa dirisha moja. Raheli alikuwa ameketi mkekani pamoja na wanawake wa ukoo, yeye mwisho, karibu na mlango, mahali anapokaa mgeni. Tulisalimia, tukakaa. Bibi Klara alikuwa na bakuli la maji ya moto yenye chumvi, na kitambaa. Alisema neno la Kishambaa, wanawake wakasogea, nafasi ikapatikana ubavuni kwake.

“Njoo,” akamwambia Raheli. Kiswahili chake kilikuwa cha kuchagua neno. “Njoo hapa. Toa.”

Raheli aliteremsha kitenge. Bega lilikuwa limevimba, bluu na nyekundu, ngozi imechubuka pale koti lilipoteleza. Mmoja wa wanawake alivuta pumzi. Bibi Klara alichovya kitambaa, akakikamua, akakiweka juu ya jeraha, na mkono wake, mkavu, wa mkulima, ukabaki hapo.



“Alikuwa mzito?” akauliza.

 

“Alikuwa mzito, mama.”

Bibi Klara aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa habari ambayo anaijua.

“Hata kuzaliwa,” alisema, “alizaliwa mzito.”

Akachovya tena kitambaa majini.